Siku Meli Ilipotulia

Watu wakisikia nafanya kazi melini huniuliza kwanza kama siogopi dhoruba. Huwajibu kwamba dhoruba nimeizoea. Siku tuliyokaribia kufa, bahari ilikuwa ya kawaida na meli imetulia kama kitanda. Hapo hunitazama kama mtu aliyepungukiwa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwamo ndani yake, na sina hakika kama nimeelewa mpaka mwisho.

Meli yetu haibebi abiria. Kazi yake ni kuipelekea mahitaji mitambo ya mafuta, ile inayosimama katikati ya bahari kwa miguu ya chuma. Tunapeleka maji matamu, mabomba, saruji, vyakula. Mbele, kwenye omo, ina nyumba ya ghorofa. Nyuma, kwenye shetri, ni sitaha tupu, ndefu na bapa kama meza, tena iko chini, karibu kabisa na maji, kiasi kwamba wimbi likiamka vizuri linapanda na kutembea juu yake kama mwenye nyumba. Jiko langu liko ghorofa ya chini, na mlango wake wa nyuma unafungukia sitaha hiyo.

Nilipofiwa na mume wangu, aliyenitafutia kazi hii ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Yeye ni msaidizi wa nahodha. Melini wanamwita Chifu. Ndiye anayepanga mzigo ukae wapi, tangi lipi lijazwe na lipi liachwe, ili chombo kisiende mrama. Nyumbani nilimwita baba, kazini nilimwita Chifu kama wenzangu, na heshima yetu ilikuwa kubwa kuliko meli yenyewe. Hebu fikiria mkwe na mama mkwe kwenye korido isiyopitisha watu wawili! Akinisikia nakuja, alirudi nyuma akasubiri kwenye ngazi mpaka nipite. Jikoni hakuwahi kutia mguu.

Serahangi, mzee anayesimamia mabaharia wa sitaha, mwenye mdomo usio na breki, alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

"Mama Jikoni, mkweo akikuona anatembea ubavu kama kaa. Iko siku atajirusha majini kwa adabu."

"Na siku wewe utakapopata adabu, tutafanya sherehe," nilimjibu.

Safari hiyo tuliondoka gatini tumbo la meli limejaa maji matamu ya kupelekea mtambo. Meli ikiwa nzito tumboni namna hiyo huwa kali. Wimbi likiisukuma huku, inarudi kwa kishindo, kama mtu aliyekanyagwa. Sufuria ya maharage iliruka chuma cha kuizuia, mchuzi ukanimwagikia mkononi. Haikuwa ajali ya kutangaza. Nilipaka dawa, nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Lakini melini hakuna siri, na habari ilimfika mkwe wangu. Nadhani ilimkera. Alijua akifika nyumbani ataulizwa, "Mama yangu umemfanya nini?"

Tulifika mtamboni asubuhi. Pale meli haifungwi kamba. Nahodha anasimama kwenye usukani wa nyuma, uso kaelekeza shetri, anaishikilia meli palepale kwa nguvu za mashine, jirani na ile miguu ya chuma. Hapo hasemeshwi. Mtambo ukateremsha mpira wa kunyonya maji, na kreni ikaanza kutushushia mizigo ya kurudisha bara: makontena, na mafungu ya mabomba ya zamani yenye kutu.

Chifu alikuwa kazini tangu alfajiri. Baada ya chakula cha mchana, zamu yake ilipokwisha, nilisikia mtu anakohoa nje ya kidirisha cha kutolea sahani. Alikuwa yeye, amesimama ubavu, macho kayatuliza ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Chifu. Hukushiba?"

"Nimeshiba. Nimesikia habari za mkono."

"Mkono mzima. Wazushi hao."

"Nimekufungulia tangi la kutuliza, lile la juu, nyuma ya chumba cha usukani. Tukianza kurudi hutasumbuka tena. Pika hata supu."

Akaondoka. Nilibaki na mwiko mkononi. Tangi hilo nililifahamu kwa kusikia. Fundi mkuu wa mashine aliwahi kunieleza, kwa kelele kama kawaida yake, maana injini zilishamla masikio. Alisema ni tangi pana, linatoka ubavu mmoja wa meli hadi wa pili, na maji yake hayajazwi mpaka juu. Yanaachwa yatembee huku na huko kupingana na mawimbi, na meli inapunguza purukushani. Basi nikamwombea mkwe wangu. Nikasema Mungu amlinde mtu anayekumbuka hata mkono wa mama wa mkewe.

Mpira uliendelea kunyonya muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Asubuhi mtambo ulitaka nusu tu ya maji yetu. Baadaye serahangi akapita kutafuta chai, ananung'unika.

"Sasa wanataka yote! Wamegeuka ngamia. Nahodha anasema wapeni, tumalize tuondoke."

Nilimmiminia chai. Sikuona uhusiano wowote kati ya maji yale ya chini na maji yale ya juu. Moja lilikuwa lalamiko la serahangi, jingine lilikuwa hisani ya mkwe wangu, na kila moja nililiweka kwenye rafu yake.

Alasiri tukauacha mtambo. Na kweli, meli ikatulia. Mawimbi yalikuwa yaleyale ya asubuhi, niliyaona dirishani, lakini meli iliyapokea polepole. Iliinama upande huu taratibu, ikapumzika, ikarudi taratibu, ikainama upande ule, kama mtoto anayebembelezwa mgongoni. Sufuria zilikaa mahali pake. Nilibandika supu, nikaijaza kuliko siku zote, nikasimama katikati ya jiko bila kushika kitu, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Serahangi akaingia. Sikumpa nafasi.

"Umeiona raha hiyo? Leo hata wewe unaweza kunyoa ndevu usijikate."

Hakucheka. Serahangi, ambaye hucheka hata mazishini, hakucheka. Alitazama supu. Ilikuwa imepanda upande mmoja wa sufuria na imekaa hukohuko.

"Iko hivi tangu lini?"

"Tangu tuondoke. Kwani kuna ubaya?"

"Mama Jikoni, kimya kingi kina mshindo mkuu."

Akaenda kwenye mlango wa nyuma, ule ambao kila siku anauacha wazi kwa ajili ya hewa na mimi namgombeza kwa sababu ya maji ya chumvi. Akaufunga. Akayabana makomeo yote, moja baada ya jingine.

"Usiufungue, hata kama utaiva humu ndani. Na uzime jiko."

"Supu haijachemka."

"Zima."

Nikazima. Akanitupia jaketi la uokozi, akatoka. Nikasimama na lile jaketi nisijue nilifanyie nini. Bahari ikichafuka, sawa, mtu anavaa. Lakini kuvaa jaketi meli imelala kama godoro? Nikadhani kuna moto. Nikanusa, hapakuwa na moshi. Nikadhani tunavuja. Nikatazama sakafu, ilikuwa kavu. Dalili zote za hatari nilizozijua hazikuwepo, na bado watu walikuwa wanapita koridoni kwa mwendo wa watu wenye hatari, hakuna anayesema na mwenzake.

Nikavaa, maana aliyeniamrisha si mtu wa kuogopa ovyo. Kisha macho yangu yakaangukia kitambaa changu cha kufutia mikono, kilichoning'inia kwenye ndoano ukutani. Meli ilipoinama, kitambaa kiliachana na ukuta. Nikangoja kirudi. Kikabaki hewani. Nikangoja. Kilikaa pale kama mtu anayekumbuka alichokuja kufanya, ndipo kikarudi, tena shingo upande. Niliogopa kabla ya kujua ninaogopa nini.

Nje ya mlango wa ndani wa jiko, koridoni, ndipo ngazi ya kushukia kwenye mashine ilipo. Nikasikia sauti za watu. Nahodha alikuwa ameteremka mwenyewe, usukani kamwachia baharia mmoja, na fundi mkuu alikuwa amechomoza kutoka chini, jasho tupu. Kwa sauti ya fundi, hakuna mtu melini angeweza kusema hakusikia.

"Tumbo tupu, najua! Nimeanza kuingiza maji ya bahari! Lakini halijai kwa kupuliza, nahodha!"

"Tumbo tupu peke yake halitufanyi hivi," nahodha alisema. Ni mtu wa sauti ya chini, na siku hiyo ilikuwa chini zaidi. "Nimeshawahi kubeba mzigo kama huu chini pakiwa patupu. Meli ililegea, lakini ilirudi. Hii inainama halafu inafikiria kama irudi. Kuna kitu kingine, kiko juu, na sikijui."

"Ni mabomba," alisema serahangi. "Yako wazi midomo. Wimbi likipanda sitahani linaingia ndani yake na kukaa. Nikayazibe."

"Sitaha ina maji ya magoti. Utachukuliwa."

"Sasa tukae tuangaliane?"

Akaketi kwenye kidato cha ngazi, akaanza kuvaa mabuti.

Neno lililonichoma lilikuwa lile la nahodha, "juu." Tangi la mkwe wangu liko juu. Lakini hilo lilikuwa tangi la kutuliza, jina lake lenyewe linasema, nalo limetutuliza kweli. Kitu cha kutuliza kinawezaje kutuangusha? Nilijiambia, mpishi wewe, nyamaza, usijitie kwenye mambo ya usukani. Nikajiambia tena, ukisema umemtia mkwe wako kitanzini, tena kwa wema aliokutendea wewe. Nahodha hakuwa na habari. Hilo lilikuwa wazi. Mtu anayefungua tangi bila nahodha wake kujua atapata kazi wapi tena? Na binti yangu je, na watoto? Nikajiambia pia, labda ni mabomba kweli, mzee atayaziba, yaishe.

Meli ikainama. Serahangi, buti moja mguuni, akaegemea ukuta bila kutaka, akabaki ameegemea. Sote tulibaki vile. Na mlango wa sitaha ulikuwa nyuma yangu, mlango ambao mzee yule alikuwa anajiandaa kuufungua.

Meli iliporudi, nikasema, "Nahodha, mkwe wangu amefungua tangi la kutuliza."

Wakanigeukia wote.

"Lini?"

"Baada ya chakula, kabla hajakwenda kulala. Alifanya kwa ajili ya mkono wangu, ulioungua. Nahodha, kijana hana ubaya, alidhani..."

Hakungoja alichodhani. Alikuwa keshapanda ngazi nusu.

"Serahangi, vua mabuti! Mama Jikoni, kamwamshe Chifu. Mwambie maji ya chini yamechukuliwa yote."

"Mimi, nahodha? Mimi ni mama mkwe wake!"

"Kamwamshe, mama!"

Nimezaa, nimezika, lakini sijawahi kuona mlango mzito kama ule. Nilipiga hodi kwa kiganja, kama mgeni. Kimya. Nikapiga kwa ngumi, nikaita kwa jina lake la kwao, ambalo sikuwahi kulitamka. Mlango ukafunguka. Alikuwa kifua wazi, na kaptula. Nikageukia ukuta wa pili upesi, nikawa nazungumza na bango linaloonyesha jinsi ya kutumia kizimamoto.

"Nahodha anakuita. Maji ya chini yamechukuliwa yote."

"Yote? Si walitaka nusu?"

"Baadaye walitaka yote."

"Na tangi la juu?"

"Nimemwambia."

Meli ikaanza kuinama tena, safari hii upande wetu. Akatoka mbio, miguu mitupu. Pale koridoni pasipopitisha watu wawili tulipita wawili. Alinishika bega nisianguke, akanivuka. Sikuwa na wakati hata wa kuona haya.

Nilijikokota mpaka jikoni nikashika meza. Meli iliinama, ikaendelea kuinama, kisha ikatulia hapo ilipofika, imelala ubavu, haiendi mbele hairudi nyuma. Droo zilifunguka zenyewe. Nilikuwa nimesimama nusu sakafuni nusu ukutani. Kwa juu nilisikia nahodha anaamrisha omo igeuzwe ielekee wimbi, na mkwe wangu anapiga kelele kwamba vali ya tangi imeshika, leteni nyundo.

Halafu ikanyesha. Mbingu nyeupe, jua linawaka, na nje ya dirisha langu maji yanaporomoka kutoka juu kama masika. Nikadhani akili imeniruka. Nilisali, lakini sikuweza hata kupanga maneno. Muda mfupi tu nilikuwa nimeushukuru utulivu ule. Sasa niombe nini, uondoke? Nikasema, "Mungu, wewe unajua," nikaishia hapo.

Mvua ile ilikuwa tangi la juu likimwagwa baharini. Lilivyopungua, meli ikajivuta. Ilisimama kidogo, ikasita, ikasimama zaidi. Chini yangu pampu za fundi zilikuwa zinanguruma, zinajaza tumbo. Ikapita kitambo. Kisha wimbi likatusukuma, na meli ikarudi kwa kishindo, kile kishindo cha safari ya kuja, kama mtu aliyekanyagwa. Sahani zikaruka. Sufuria ya supu ikaruka kutoka juu ya jiko, yote ikamwagika sakafuni.

Huko koridoni serahangi akapiga makofi.

"Hiyo! Hiyo ndiyo meli yangu! Tupige, mama, tupige!"

Na mabaharia wengine wakacheka naye, wanashikilia kuta, wanarushwa huku na huku na wanacheka. Nilikaa sakafuni katikati ya vitunguu na mifupa, nikawatazama kama wendawazimu.

Mkwe wangu alikuja baadaye, amevaa shati, vifungo vimepishana. Alisimama mlangoni. Kisha akaingia. Aliokota tambara, akapiga magoti, akaanza kufuta sakafu.

"Acha, baba. Hiyo si kazi yako."

"Niache nifute, mama."

Nikamwacha. Tukafuta wote.

"Nieleze," nilimwambia. "Mimi niliona meli imetulia, nikashukuru. Ubaya ulikuwa wapi?"

"Umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani?"

"Nimekua nayo."

"Ipi inakusumbua, iliyojaa au ya nusu?"

"Ya nusu. Maji yanakimbilia kulekule unakoinama."

"Basi ndivyo lilivyo lile tangi. Chini pakiwa pazito, meli inaweza kulibeba, na linasaidia. Nilipolifungua nilijua chini pana nusu. Meli inayokurupuka ina nguvu ya kurudi, mama. Ile ya polepole nguvu imeiishia."

"Kwa hiyo kitu kilekile kinaponya na kinaua."

"Kilekile."

"Sielewi."

"Mimi ndiyo kazi yangu, na leo sikuelewa." Alikamua tambara. "Nilidhani nahodha ataona taa ya tangi imewaka. Nikasahau kwamba siku nzima anaangalia shetri, taa ziko mgongoni kwake."

Nahodha akatokea mlangoni. Nilisimama haraka, nikajikuta niko kati yao.

"Nahodha, kama ni kumfukuza..."

"Mama Jikoni, yeye hakuniambia ya juu. Mimi sikumwamsha kumwambia ya chini. Kila mtu alikuwa na nusu akadhani anayo nzima. Ofisini nitasema hivyohivyo. Wao wataamua nini, sijui." Akamtazama mkwe wangu, pale chini na tambara lake. "Chifu, kashike usukani. Mimi nakwenda kulala."

"Mimi?"

"Kuna Chifu mwingine humu?"

Akaenda zake. Nilibaki nasikiliza nyayo zake. Sikujua kama ile ilikuwa adhabu au msamaha, na kwa uso wa mkwe wangu, naye hakujua.

Aliosha mikono taratibu kwenye karo langu.

"Ungeniamsha mimi kwanza, mama, kabla ya kumwambia."

"Serahangi alikuwa anavaa mabuti."

Meli ikaturusha, tukashika meza ileile.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Nimekasirika na ninashukuru. Sijui kipi kimekitangulia kipi."

"Hata mimi ni hivyo. Ulinifanyia wema ukataka kuniua."

Kidogo acheke. "Mwanao akiuliza?"

"Akuulize wewe. Wewe ndiye mumewe."

Akatoka. Nilimsikia anapanda ngazi, halafu akasimama katikati, kama anayetaka kurudi kuniambia neno. Hakurudi. Akaendelea kupanda. Nami nikajifunga sawasawa kwenye kiti nikaanza kumenya viazi, maana watu walikuwa na njaa na chakula chao tulikuwa tumekifuta kwa tambara.